Feni ya AC ilivyofufuka

Feni ya AC ya gari yangu ilinyamaza namba zote nne za kasi, nami niko kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana. Kompresa, ile pampu ya gesi ya AC, inashika, upepo hakuna. Anayeijua Dar ya Februari ananielewa.

Fyuzi ilikuwa nzima. Rilei, ile swichi ya umeme ya feni, nikabadilishana na ya honi, wapi! Nikanunua rizista, kile kifaa kinachopunguza kasi ya feni, kwenye maduka ya spea ya Gerezani, hela ikaenda bure: rizista ikifa, mara nyingi namba ya juu kabisa hubaki inafanya kazi. Kwangu haikubaki hata moja.

Jibu lilitoka kwenye mpini wa bisibisi. Niliwasha swichi, feni namba nne, nikaigonga mota taratibu chini ya dashibodi upande wa abiria. Ikazunguka! Sekunde kadhaa tu, ikafa tena. Kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zimeisha.

Nikachomoa soketi, nikafungua skrubu tatu, mota ikashuka. Niliibeba mpaka dukani, na hapo ndipo nilipopona: ya kwanza niliyopewa ilifanana nayo kila kitu, isipokuwa soketi. Ya pili ikaingia. Kabla ya kufunga nikasafisha na chujio la hewa, lilijaa vumbi na majani ya mwarobaini.