Usiku Nilioiona Sauti

Kabla ya usiku ule wa Mark of the Ninja nilikuwa nimeshaachana na michezo ya video ya kunyata, ile ya kujificha na kuwapita walinzi. Mapenzi hayakuwa yamekwisha. Nilicheza Metal Gear Solid mpaka nikakariri kila kona, nikacheza na Thief, ule wa 1998 wenye kito chini ya skrini kinachong'aa kadiri mwanga unavyokuangukia, na yote miwili naiheshimu hadi leo. Kilichonichosha ni mingi iliyofuata baadaye. Umejibanza nyuma ya sanduku, umetulia tuli, ghafla mlinzi anapiga kelele, king'ora kinalia, nawe hujui kakuonea wapi. Kasikia kiatu? Kaona bega? Hakuna anayekujibu. Unaanza upya, unabahatisha tena.

Mark of the Ninja ulitoka Septemba 2012 kwenye mashine ya michezo ya Xbox 360, na mwezi uliofuata ukaingia kwenye kompyuta. Ni kazi ya Klei Entertainment, studio ya Vancouver, Kanada, iliyokuwa ya kujitegemea wakati huo. Niliwafahamu kwa Shank, mchezo wao wa 2010, ambao ni kukata na kupiga mwanzo mwisho. Niliposikia sasa wamemgeukia ninja, nilitarajia upanga na damu mpaka basi. Niliuwasha usiku, mdogo wangu wa kike akiwa ameketi pembeni na blanketi lake, amekuja kutazama tu.

Mchezo unaonekana kwa ubavu, kama katuni iliyochorwa kwa mkono. Ninja wetu alikuwa kivulini, mweusi tii, kaachiwa mistari michache myekundu ya chale zilizochorwa mwilini mwake. Nikamsogeza hatua mbili chini ya taa. Papo hapo rangi zikamjaa, nguo kwa ngozi.

"Kaka, mbona kabadilika?"

"Kaingia kwenye mwanga. Hapo wanaweza kumwona."

Nikamrudisha nyuma, akawa mweusi tena. Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa, ameelewa. Na kweli hakuna kingine cha kuelewa: hakuna kipimo pembeni, hakuna namba. Mwili wenyewe wa mhusika unakwambia kama umefichika au umeonekana.

Kisha nikakimbia, na hapo ndipo niliposogeza kiti karibu na skrini. Kila hatua ya mbio ilichora duara jembamba lililotanuka sakafuni na kufifia, kama maji ya kisima yaliyotupiwa kokoto. Nilipopunguza mwendo, duara likatoweka. Sauti ilikuwa imechorwa! Mlinzi akiwa ndani ya duara, amesikia. Akiwa nje ya ukingo, hata kwa kiasi kidogo, hana habari. Na mambo yakawa hivyo hivyo upande wa pili wa mlango. Ndani ya chumba nisichokiona skrini ilibaki giza, kwa sababu mchezo haukuonyeshi kile ambacho ninja mwenyewe hakioni, lakini viduara vya nyayo vilipita mle gizani kutoka kushoto kwenda kulia, vikasimama, vikageuka. Nilijua kuna mtu, najua anatembea, sijui kashika nini.

Nilikaa muda mrefu juu ya ukumbi mmoja wenye taa mbili. Mlinzi alikuwa amesimama chini ya mojawapo, hasogei. Nilikuwa na vishale. Ukianza kulenga, wakati unasimama kabisa, na mchezo unakuonyesha mapema duara la kelele litakalotokea kishale kikigonga. Nikalenga taa iliyo juu yake, nikaona duara lingemfunika yeye pamoja na mwenzake wa ng'ambo. Nikaacha. Nikalenga taa ya mbali zaidi, duara likamgusa yeye peke yake. Nikarusha. Kioo kikavunjika, akageuka, akaenda kuchungulia, nami nikavuka juu kwa ndoano na kamba wakati mgongo wake ukiwa kwangu. Hapo hapakuwa na bahati hata chembe. Nilikuwa nimepewa kila ninachohitaji kujua, kazi iliyobaki ilikuwa kuamua. Nilishusha pumzi kwa nguvu hadi mdogo wangu akacheka kwa furaha.

Hata kuonekana kulinipendeza. Mlinzi aliponimulika nilitumbukia kwenye tundu la mirija ya hewa, na pale aliponiona mara ya mwisho likabaki umbo langu, kama picha iliyosahauliwa hewani. Walinzi wakalikimbilia lile umbo, wakapekua pale, wakati mimi niko chini ya miguu yao. Nilikuwa naona wanachokiamini.

Kitu kimoja kilinikera: kitufe kimoja kimebebeshwa kazi nyingi mno, na mara nyingine unataka kufungua tundu, ninja anaokota maiti. Kwa mchezo unaodai usahihi kiasi hiki, lilihitaji kurekebishwa.

Tulisonga mbele mpaka nikapata uwezo wa kumnasa mlinzi kutoka juu na kumwacha ananing'inia. Nikamnasa mmoja. Mwenzake alipofika na kuona, alianza kutetemeka. Akazunguka na bunduki, akageukia huku, akageukia kule, na mlinzi wa tatu alipotokea mlangoni, yule mwenye hofu akamfyatulia risasi.

Mdogo wangu akanyamaza kidogo. "Kaka, huyu anaogopa kweli."

Nami nililiona hilo. Kwa kanuni za mchezo nilikuwa nimefaulu, na njia ilikuwa wazi, lakini sikufurahi. Mwisho wa hatua ile ya mchezo nikasoma hesabu ya alama kwa makini, na nikagundua jambo ambalo limenifanya niwaamini watu wa Klei tangu siku ile: kumpita mlinzi bila yeye kujua kunalipwa, na kumaliza hatua nzima bila kuua hata mmoja kunalipwa zaidi. Upanga uko mgongoni, hakuna anayekulazimisha kuuchomoa.

"Tuirudie," akasema, "safari hii tusimguse mtu."

Tukairudia. Pedi ya kuchezea ikawa mikononi mwake zaidi kuliko mwangu; ana subira kunizidi, anaweza kukaa juu ya taa akisubiri walinzi wawili wapishane. Mbele kidogo mchezo hukupa mavazi ya kuchagua, na mojawapo linakunyang'anya upanga kabisa, badala yake linakupa mbio zisizo na kelele. Nilipolifikia nilimwita aje aone. Akasoma maelezo yake yote mpaka chini, akanyoosha mkono kuchukua pedi.

"Hilo langu," akasema.