Ubani, kilio na pumu yangu

Mtu wa Ngamiani, hapa Tanga, hakwepi shughuli. Leo harusi barabara ya saba, kesho hitma barabara ya kumi na tano, na kote huko chetezo hakikosekani. Kwa mwenye pumu hapo pana mitego miwili: moshi wa udi au ubani, halafu vicheko au kilio. Nikibanwa matangani, ndugu hukata hukumu papo hapo. "Jikaze, mwanangu, hiyo huzuni tu," shangazi ataniambia, huku akinipepea kwa upande wa kanga.

Daktari alinieleza vizuri zaidi. Huzuni haimpi pumu mtu asiyekuwa nayo. Ila mwenye nayo, njia zake za hewa tayari zina uvimbe. Akilia kwa kwikwi, akicheka mno au akihamaki, anapumua mbiombio kwa mdomo, hewa inaingia kavu bila kupitia puani, misuli ya njia zile inakaza. Na mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo nayo inaweza kuikaza. Kwa hiyo hata kama chanzo ni majonzi, kifua kinabana kweli, si maigizo.

Mwaka 1886 daktari John Mackenzie wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za mwanamke aliyekuwa akisumbuliwa na waridi. Alimwonyesha ua la bandia, na dalili zake zikaanza vilevile. Nilijitambua hapo. Mimi kifua huanza kunikaba nikiona makaa tu yanapepewa, ubani wenyewe bado umo kwenye karatasi.

Kilichonisaidia ni kipimo cha kupuliza: kibomba cha plastiki chenye mshale unaoonyesha hewa inatoka kifuani kwa kasi gani. Unasimama, unajaza pumzi, unapuliza kwa nguvu mara moja. Unarudia mpaka mara tatu na kuchukua namba ya juu. Nikiwa mzima nafika 400, basi nimetia alama kwa rangi ya kucha: kijani 320, kuanzia hapo kwenda juu ni salama; nyekundu 200, chini ya hapo ni hatari.

Msiba wa mjomba kule Makorora, nilitoka uani nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, viwiko magotini. Vidole vilikuwa vinakufa ganzi, moyo unaenda mbio. Nilipopuliza, mshale ukasimama 370. Ilikuwa hofu zaidi kuliko pumu. Nikavuta hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobinywa, kama anayepoza uji, mpaka ganzi ikaachia.

Harusini mambo yalikuwa kinyume. Mashangazi wanarushiana vijembe, mimi nacheka hadi machozi, sijali kikohozi. Kupuliza, 270! Hapo nikatumia pampu ya buluu, yaani salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, kupitia chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako.

Ndiyo maana siamini kifua kinavyonihadithia. Utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kuwa waliovuta pampu isiyo na dawa walijisikia nafuu karibu sawa na waliovuta salbutamol. Lakini mapafu yalipopimwa, wenye dawa walipanda asilimia 20, wenzao asilimia 7 hivi. Akili inaweza kukutuliza huku njia bado zimebana, na hilo linanitisha kuliko kupaparika. Nikiwa na shaka, pampu kwanza, maswali baadaye.

Mazoezi ya pumzi nayapenda, ila kwa haki ya Mungu, kilichopunguza kubanwa zaidi ni pampu ya kahawia ya kila siku, ile ya kutuliza uvimbe. Inachosha kwa sababu huoni matokeo leo wala kesho, na wengi wetu huiacha mara tu tunapopata ahueni.

Nyumbani tumekubaliana chetezo kikae barazani. Shangazi hajaridhika, anasema hitma bila ubani chumbani haijakamilika. Ila siku hizi akiniona nimeinama, habari ya kujikaza hana tena. Ananiuliza, "Umepuliza? Imesoma ngapi?" Na ikiwa chini ya 200, yeye ndiye anayekimbilia bajaji, mimi navuta pampu njia nzima hadi hospitali.