Let's table it, na slaidi zangu 14

Ngoja nianze na hii ya aibu. Kuna kazi nilikuwa nafanya kwa mtandao na watu wa nchi mbalimbali, bosi wetu Mmarekani, siku hiyo tuko kwenye kikao cha video nikatoa wazo langu, jamaa akasikiliza vizuri tu, mwisho akasema "great, let's table it". Moyo ukaruka! Maana Kiingereza nilichosoma mimi ni cha Uingereza, na huko ku-table jambo ni kulileta mezani lijadiliwe, basi usiku ule sikulala, nikatengeneza slaidi 14, na grafu, na mpaka rangi nilipanga. Kesho yake kikao kinaanza tu nikaomba nishee skrini. Bosi akauliza "I thought we tabled that?" Mi nikajibu kwa kujiamini kabisa, "Yes, that's why I prepared." Kimya. Mmoja akazima kamera yake, nina uhakika alikuwa anacheka.

Kumbe Mmarekani akisema table anamaanisha tuliweke kando, pengine hata moja kwa moja. Neno lilelile, maana imegeuka kichwa chini. Nikaja kupoa nilipogundua kwamba Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wa enzi hizo, aliwahi kuandika jinsi maofisa wa Uingereza na wa Marekani walivyozozana kwa neno hilohilo wakati wa Vita Kuu ya Pili, mzozo mrefu kweli, halafu kumbe wote walikuwa wanataka kitu kimoja. Kama wao walichanganyana, mi ni nani.

Tangu hapo nimeachana na zile listi za "nahau 100 za Kiingereza". Zimejaa "it's raining cats and dogs", ambayo mi binafsi sijawahi kumsikia mtu akiisema mvua ikinyesha, na "kick the bucket", ambayo ukiiweka kwenye salamu za rambirambi umejimaliza mwenyewe, ni sawa na kumwambia mfiwa pole kwa baba yako kukata kamba. Hizo zielewe tu ukizisikia, kuzitumia wala usihangaike.

Kinachotutesa hasa ni vitenzi vidogo. Put, get, take, vile ambavyo mtoto anavijua. Put off ni kuahirisha, put out ni kuzima moto, put up with ni kuvumilia, na ukitafuta put kwenye kamusi unaambiwa "weka", haya sasa weka nini hapo? Mwaka 1930 Charles Ogden, mtaalamu wa lugha wa Uingereza, alitoa Kiingereza chake cha kurahisishia watu, maneno 850 tu, na humo vitenzi alibakiza 18. Kwenye karatasi inapendeza. Ila ukishaondoa vitenzi vingine vyote, kuvumilia utakusemaje? Ndo unarudi kwenye put up with, maneno matatu mepesi ambayo ukiyajumlisha hayakupi jibu.

Nilikuwa nalalamika hivyo mpaka siku moja rafiki yangu anayejifunza Kiswahili akanikalia kooni. Eti kwa nini mnapiga simu, mnapiga picha, mnapiga pasi, mnapiga chafya, mnapiga mswaki, huo mswaki umekosa nini? Sikuwa na jibu. Sikuwahi hata kuona kuna cha kujibu, maana hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha kupiga pasi ni nini, nililikuta neno zima likiwa na kazi yake. Basi na Kiingereza nikaanza kukibeba hivyohivyo. Siandiki tena "put = weka", naandika sentensi nzima niliyoisikia, nani aliisema na alikuwa na hasira au anatania, hapo inakaa kichwani.

Halafu kuna zile zinazofanana na zetu, tamu sana hizo. "Spill the beans", yaani mwaga maharage, ni kumwaga siri, na sisi tunaonya usimwage mtama kwenye kuku wengi, yaani kote siri ni punje, sijui kwa nini. Ila chumvi iogope. Kwetu mtu akitia chumvi anakuza mambo, wakati "take it with a pinch of salt" ni wewe msikilizaji, unaambiwa usiyameze yote. Mi nilikuwa nadhani ni kitu kimoja, nikamwambia mtu aipokee ripoti yangu na chumvi kidogo nikifikiri nakiri kwamba nimeipamba kidogo. Akaenda kuihakiki mstari kwa mstari.

Wiki iliyopita nimekutana na nyingine. Tumeulizwa kwenye grupu nani yuko tayari kufanya kazi Jumamosi, wa kwanza akaandika "I'm up for it", wa pili "I'm down". Nikahesabu mmoja kakubali, mmoja kakataa. Kumbe wote wamekubali, aliyeko juu na aliyeko chini. Mi nikaandika "yes".