Rola kosta yangu ya kwanza niliipandia Ipuli

Pale Urambo watu wananijua kwa mambo mawili: natengeneza mashine za kusaga na kukoboa, na bando langu la intaneti linaishia kwenye video za rola kosta. Wenzangu wanaangalia magoli, mimi naangalia treni inavutwa na mnyororo kupanda mlima wa chuma, inafika kileleni, inaachiwa. Naweza kukwambia kwamba Kingda Ka ya New Jersey, Marekani, ilikuwa na kimo cha mita 139 kabla haijabomolewa mwaka 2025, na kwamba Formula Rossa ya Abu Dhabi inafika kilomita 240 kwa saa, hadi abiria wanapewa miwani ya kukinga macho. Nilichokuwa sijawahi ni kuikalia hata moja.

Niliyokuwa naipigia hesabu ni Gold Reef City ya Johannesburg, ile bustani ya michezo iliyojengwa kwenye mgodi wa zamani wa dhahabu. Wana treni inaitwa Anaconda, abiria wananing'inia chini ya reli, miguu iko hewani. Pasipoti, nauli, malazi, kiingilio: kila nikijumlisha napata bei ya mota ya kinu, na kinu ndicho kinachonilisha.

Basi mwanzoni mwa Agosti mteja mmoja akaniletea shafti, akaiweka chini, akasema, "Fundi, ule ugonjwa wako umeletwa Ipuli." Akanionyesha kwenye simu. Kwenye viwanja vya Nane Nane kule Tabora mjini, watu wa mabembea walikuwa wamefunga treni ya watoto yenye kichwa cha joka, inazunguka kwenye reli yenye vilima. Nikairudia ile video mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu wa umri wangu. Kilima kikubwa nilikikadiria kama kimo cha nyumba ya kawaida. Kidogo, ndiyo. Lakini ile treni ya LaMarcus Thompson ya Coney Island, New York, iliyofungua biashara hii Marekani mwaka 1884, ilikwenda kama kilomita 10 tu kwa saa, senti 5 kwa safari, na watu walipanga foleni. Sikuona sababu ya kulidharau joka la Ipuli.

Nikaenda kwa dada kumwomba wanawe wawili, wa kike wa darasa la nne na wa kiume ambaye ndiyo kwanza anaanza la kwanza. Nikasema nataka wakaone maonyesho, wajifunze kilimo. Dada akaendelea kupepeta mchele. "Wewe ndiye unayetaka kwenda, usiwasingizie watoto." Akawatoa hata hivyo, na masweta.

Tuliondoka alfajiri na mchomoko, yale magari madogo ya abiria, baridi ya Agosti ikipenya mlangoni. Usoke, Ndono, Tabora. Lami imetulia siku hizi, watoto walilala njia nzima. Kwa makusudi niliikwepa tarehe 8 yenyewe. Siku ya kilele viwanja vinafurika watu kutoka Tabora yote na Kigoma, maana ni kanda moja, na mwenye mabembea akiona foleni ndefu anafupisha mizunguko. Ukitaka kupanda kwa nafasi, nenda siku ya kazi, asubuhi.

Kwenye mabanda sikukaa sana. Tulionja asali, tukapita kwa watu wa TARI Tumbi, kituo cha utafiti wa kilimo, mpwa wa kike akauliza maswali ya mbegu mpaka mtaalamu akampa kipeperushi. Wa kiume alimpenda fahali mmoja mwenye nundu. Mimi masikio yangu yalikuwa upande wa pili wa uwanja, kulikokuwa na jenereta.

Sheria niliyoiweka ilikuwa moja: hakuna chipsi mpaka tumalize kupanda. Walinuna, lakini ndiyo sheria ya kwanza ya watu wa rola kosta popote walipo.

Kabla ya kukata tiketi nililizunguka lile dude lote polepole. Nashauri kila mzazi afanye hivyo, hata kama si fundi, kwa sababu mtambo wa kuhamahama unafunguliwa na kufungwa upya kila mji, na kila mara kuna pini inayoweza kusahaulika. Nilianza na miguu. Nguzo zote zilikuwa zimekaa juu ya vipande vya mbao ngumu, na mbao hazikuchezacheza treni ilipopita. Kwenye maungio ya reli niliangalia pini: kila moja ilikuwa na kilipu chake. Halafu weldi. Ufa kwenye weldi unajionyesha wenyewe, kutu ya kahawia inachuruzika chini yake kwenye rangi. Sikuiona. Mwisho nikainama kutazama magurudumu. Behewa la rola kosta linatakiwa lishike reli juu, ubavuni na chini, na hayo ya chini ndiyo yanayozuia lisinyanyuke kwenye kilima. Mmarekani John Miller alisajili ubunifu huo mwaka 1919, na bila yeye vile vilima vikali vya kwenye video visingekuwepo. Joka la Ipuli lilikuwa nayo, yamepakwa grisi mbichi.

Kulikuwa na siti moja imefungwa kamba. Nikamuuliza kijana wa pale, "Kaka, hii vipi?"

"Loki ya chuma cha mapajani inalegea, fundi. Springi imechoka. Tumeagiza, hatupakii mtu hapo." Sijui alijuaje kama mimi ni fundi; labda kucha. Akaniuliza kama springi ya stendi ya pikipiki ingefaa kwa muda. Nikamwambia kwenye kinu changu ningeweka, hapa iacheni kamba. Akacheka, lakini aliitikia. Siti iliyofungwa ilinipa imani kuliko siti zote zilizokuwa wazi.

Sasa kikwazo. Kwenye nguzo ya getini walikuwa wamepaka mstari mweupe, na kibao kimeandikwa kwa mkono: mtoto aliye chini ya mstari apande na mkubwa, watu wazima peke yao hawaruhusiwi. Mpwa wa kike alikuwa juu ya mstari. Wa kiume alikuwa chini, kwa vidole kama vinne. Yeye ndiye tiketi yangu.

Akalitazama joka. Lina macho mekundu yanayowaka na kuzima, na meno. "Mjomba," akasema, "mimi nitabaki na mabegi."

Hapa ndipo kazi ilipokuwa. Kumbeba mtoto anayelia ukamkalishe kwenye mtambo ni ukatili, na pia ni hatari, kwa sababu mtoto mwenye hofu anajaribu kusimama. Nikamkalisha kwenye ukingo, nikamwambia hatupandi, tunahesabu tu. Treni ina vilima vingapi? Viwili. Wanaopanda wanapiga kelele wapi? Tukasikiliza mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Akagundua mwenyewe kwamba wanapiga kelele sehemu ileile kila mara, wakishuka kilima cha pili, na kwamba wakifika kwenye kona wanacheka. Likaacha kuwa joka, likawa kitu kinachojirudia. Kisha nikamweleza habari ya tumbo, maana ndiyo inayowatisha hata wakubwa. Ukipita kileleni kiti kinaanza kushuka, mwili wako bado unataka kuendelea kupanda, kwa hiyo unakuwa mwepesi kidogo na tumbo linahisi limebaki nyuma. Haliumi. Linarudi kabla hujamaliza kusema "mama". Na nikampa neno langu: akikataa baada ya hapo, tunaenda kula chipsi na hakuna atakayemtania. Nilimaanisha, ingawa nisingefurahi.

Wakati huo dada yake alishapanda na binti mwingine. Akashuka nywele zimesimama. "Linagonga pale kwenye kona ya pili," akaripoti, "ila tamu." Mdogo wake alimwamini yeye kuliko fizikia yangu yote.

"Tupande," akasema, "lakini mabegi abaki nayo yeye."

Watoto wote wanakimbilia kichwani mwa joka, kwa hiyo mkia ulikuwa mtupu, na mkia ndio niliokuwa nautaka. Kwenye treni ndefu, kichwa kikishavuka kilele kinaanza kushuka wakati mkia bado unapanda. Mkia unavutwa, unavuka kilele kwa kasi kuliko kichwa kilivyovuka. Mbele unaona vizuri, nyuma unahisi vizuri. Ukisikia mtu wa rola kosta anagombea siti ya mwisho, ndiyo sababu.

Kukaa na mtoto nako kuna namna yake. Kile chuma cha mapajani ni kimoja kwa watu wawili, kwa hiyo kinaishia kwenye paja la mkubwa, na juu ya paja la mtoto inabaki nafasi. Wazazi wengi hawaioni. Nilimkalisha upande wa ndani wa kona na mimi upande wa nje, maana treni ikikata kona watu wanasukumwa nje, na bora yeye anielemee mimi kuliko mimi kumbana yeye kwenye bodi. Mgongo nikamwambia aubandike kwenye siti, mkono wangu nikaupitisha mbele yake.

Kijana akapita akivuta kila chuma kwa mkono, kimoja kimoja. Akapiga filimbi.

Joka likaanza kwa mlio wa mota. Na hapo lazima niseme ukweli wa kifundi: lile halina mnyororo wa kupandisha. Rola kosta halisi ikishaachiwa juu haina injini tena, inaishi kwa kimo chake tu, ndiyo maana kilima cha kwanza huwa kikubwa na vinavyofuata vinapungua. Hili lina mota inayokula umeme kutoka kwenye reli, kwa kaboni zinazotelezea juu yake, na nilikuwa naziona cheche zake za buluu kupitia uwazi wa sakafu. Kwa miaka mimi nimekuwa upande wa wale wanaosema chenye mota si rola kosta. Sijabadilisha msimamo. Ila mwili wangu haukuulizwa.

Kilima cha kwanza kilitupitisha kistaarabu. Kona, ile ya kugonga, bega langu likaukuta ubavu wa bodi. Kisha kichwa kikapotea upande wa pili wa kilima cha pili, nikahisi behewa letu limekamatwa na kuvutwa, na pale juu kabisa makalio yangu yakaachana na siti. Kidogo mno. Karatasi ingepita, kitabu kisingepita. Lakini nilikuwa nimesoma kuhusu sekunde ile maisha yangu yote ya ukubwa, na ilipofika nilipiga ukelele ambao watu wa banda la matrekta waligeuka kuutazama.

Mpwa wangu mzunguko wa kwanza alikuwa kimya, ameshika chuma mpaka vidole vikawa vyeupe. Mzunguko wa pili nikamsikia anahesabu: "Kimoja... kona... sasa!" Wa tatu alicheka kabla hatujafika kileleni.

Tuliposimama sikulazimika kuuliza. Alishanyoosha kidole kwenye dirisha la tiketi.

Mara ya pili tulikaa mbele, nyuma tu ya pembe za joka, nipate kulinganisha. Mbele unaning'inizwa kileleni, unaona uwanja wote wa Ipuli, mabanda, vumbi, miembe ya mbali, halafu unashuka polepole ukisubiri wa nyuma wavuke. Ni pazuri kwa macho. Nikarudi nyuma kwa safari zilizobaki, mpaka jenereta lilipoishiwa dizeli na kijana akaondoka na dumu. Kwa hela niliyotumia dada asingefurahi, kwa hiyo kiasi hakisemwi hapa.

Chipsi mayai tulikula saa tisa, tukawahi gari la kurudi kabla madereva hawajaanza kupandisha nauli ya jioni. Njiani wa kiume alitaka kujua Kingda Ka ingekuwa sawa na majoka mangapi yaliyosimamishwa. Tukapiga hesabu mpaka Ndono, tukashindwa kukubaliana joka lina kimo gani hasa.

Mtaani bado wananitania kwamba nililipa hela kupanda treni ya watoto. Wanitanie. Kinachonipa mawazo ni kwamba watoto wanakua. Mwakani huyu mpwa atakuwa amevuka ule mstari mweupe, na mimi sina mwingine wa kimo kile. Jirani yangu ana mapacha wa miaka minne, nimeanza kuwasalimia.