Nilivyosaka nyota zinazobadilika mwanga Praesepe bila darubini

Darubini sina, nina laptop ya kawaida na bando la kuhesabu, lakini nimeweza kusaka nyota zinazobadilika mwanga kwenye Praesepe, yaani M44, lile fungu la nyota la kwenye kundinyota la Kaa ambalo mwezi wa tatu penye giza zuri unaliona kwa macho kama kiwingu. Liko kama miaka ya mwanga 600, karibu kwa fungu la nyota, ndo maana nikaanzia hapo.

Data ni za bure, za setelaiti ya NASA inayoitwa TESS, mwishoni mwa 2021 ilipiga eneo lile picha moja kila dakika 10. Nikaendesha Lightkurve, programu ya Python ya kuchambua mwanga wa nyota, ndani ya Colab, kompyuta ya Google unayoitumia kwa mtandao, mafaili yanashukia kwenye seva yao sio kwangu, halafu unakata kipande kidogo tu cha picha kuzunguka nyota unayoitaka, bando linapona. Nyota zisizo za fungu nilizichuja kwa data za Gaia, setelaiti iliyopima umbali na mwendo wa nyota, nikabakiza zinazosogea pamoja na zilizo umbali mmoja.

Kazi yenyewe iko kwenye pikseli. Pikseli moja ya TESS ni sekunde 21 za tao (sekunde ya tao ni digrii moja ukiigawa kwa 3600), kubwa mno, mwanga wa jirani unavuja unaingia kwa mwenzie. Nikakuta nyota kadhaa zina mdundo uleule wa saa 4 na dakika 35 na nusu hivi, na nyota tofauti hazifanani mpaka dakika, basi nikachora grafu ya kila pikseli peke yake, nikaona mawimbi yanazidi kukua kila nikisogea upande mmoja mpaka nikafika TX Cancri. Hizo ni nyota mbili zimegusana, kila mzunguko zinafichana mara 2, kwa hiyo kompyuta inakupa nusu, ukizidisha mara 2 unapata saa 9 na dakika 11, ndo kipindi chake kinachojulikana siku nyingi. Aisee nilifurahi, maana hapo nilijua njia inafanya kazi.

Zilizobaki zikawa rahisi kidogo. Zile za moto kuliko Jua, aina ya Delta Scuti, zinapwita ndani ya saa moja mbili hivi na midundo kibao kwa pamoja. Zinazofanana na Jua zinakwenda taratibu, siku 8 mpaka 10, ni madoa yanazunguka nayo, hizo usiamini data za awamu moja ya TESS ya siku 27 peke yake, unganisha awamu zote. Na ukipata yako iangalie kwanza kwenye VSX, orodha ya nyota zinazobadilika mwanga ya chama cha AAVSO, nyingi za Praesepe zimeshaandikwa humo.