PES 2013 inacheza kwenye Linux, na Windows sikurudisha

Nilitaka kucheza PES 2013, gemu la mpira wa miguu la Windows, kwenye laptopu yenye Linux, mfumo endeshi unaotumika badala ya Windows. Fundi mmoja pale Mwanjelwa, Mbeya, alinijibu kabla hata sijafungua begi: "Dogo, Linux si ya magemu. Lete nikurudishie Windows, 15,000 tu." Wa pili alisema hivyo hivyo. Nilikasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa. Leo PES 2013 inacheza kwenye Linux Mint, laptopu ile ile: Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM gigabaiti 4.

Kuna aliyenishauri niweke Windows ndani ya Linux, kompyuta ndani ya kompyuta. Nikamaliza bando la wiki kwa hilo. Gigabaiti 4 zikagawanywa kwa mifumo miwili, hata menyu ikawa inaenda kwa kwikwi. Nikafuta.

Wine, programu ya Linux ya kuendeshea programu za Windows, ni jambo jingine. Haibebi Windows yoyote. Gemu linapoomba kitu kwa Windows, Wine inalidaka ombi na kuligeuza liwe lugha ya Linux. Kazi hiyo ilianza 1993, kwa hiyo anayesema ni kitu cha majaribio hajakitumia.

Nikaweka Wine na Lutris, programu ya kupangia na kufungulia magemu. (PES 2013 ni ya biti 32, usisahau wine32, sehemu ya Wine ya programu za biti 32.) Nikabonyeza kucheza: skrini nyeusi, lakini muziki unasikika safi kabisa! Siku nne hivyo. Kila niliyemuuliza alisema, "Sasisha DXVK," yaani kipande kinachoisaidia Wine kuchora picha za gemu. Nikasasisha mara tatu, kila mara bando jipya, Julai hii ya Mbeya, nimejifunika blanketi hadi kichwani.

Usiku wa nne nikafungua gemu kupitia terminali, dirisha la kuandikia amri, ili nione linalalamika nini. Kati ya mistari mingi, mmoja ulionya kwamba Vulkan, njia ya programu kuzungumza na chipu ya picha, kwenye Ivy Bridge haijakamilika. Ivy Bridge ndilo jina la Intel kwa kizazi cha tatu, yaani laptopu yangu. Hapo nikaelewa yote. DXVK huzigeuza amri za Direct3D, njia ya picha ya Windows, kuwa za Vulkan, na kuanzia toleo la 2.0 inadai Vulkan 1.3, ambayo chipu yangu haina. Kila niliposasisha nilikuwa naongeza tatizo!

Dawa ilikuwa kuizima DXVK. Kwenye mipangilio ya gemu ndani ya Lutris kuna swichi ya DXVK; ukiizima, Wine inarudi kwenye njia yake ya zamani, WineD3D, inayotumia OpenGL, njia ya picha ya zamani kuliko Vulkan. OpenGL chipu hii inaiweza vizuri. Nikazima, nikabonyeza, menyu ikaja na rangi zake zote. Ilikuwa saa nane usiku, nikapiga kelele mpaka mama akaamka kuuliza kuna nini.

Wenye Steam, duka la magemu lenye programu yake ya kuyafungulia, wanaandika PROTON_USE_WINED3D=1 %command% kwenye sehemu ya amri za kuanzishia gemu, matokeo ni yale yale. Laptopu yako ikiwa mpya, DXVK iache iwake, ina kasi zaidi. Na pedi: settings.exe ifungue ndani ya folda ile ile ya Wine lilimo gemu, la sivyo vitufe ulivyopanga gemu halitaviona.

Mdogo wangu amekuja likizo kutoka Tukuyu na tunacheza kila jioni kwa pedi mbili. Ameomba nimwekee na kwenye kompyuta ya mjomba. Nimemwambia anitumie kwanza picha ya stika ya processor.