Tarakimu moja ilivyonikosesha vipimo vya sukari, na nilivyoipindua bima

Naishi na kisukari aina ya kwanza, huu ni mwaka wa 14. Kongosho langu halitoi insulini, kwa hiyo najidunga kila siku na kupima sukari mara nane, siku mbaya hata kumi. Basi bima walipoandika kwamba vipande vyangu vya kupimia "vinazidi mahitaji", mikono ilinitetemeka kwa hasira.

Kila niliyemweleza alisema, "Wapigie simu, wabane, watachoka tu." Nikapiga wiki tatu nzima. Kila simu mhudumu mpya, na kila mhudumu namwanzia upya. Mmoja akasema faili iko kwa daktari wao, mwingine akasema haijafika, wa tatu akaapa nimeshalipiwa. Siku moja nilisubiri dakika 50, na sukari ikaanza kushuka. Nikatafuna vidonge vya glukosi huku simu nimeibana kwa bega, jasho linanitoka, sithubutu kukata nisije nikapoteza zamu. Laini ikakatika yenyewe. Nililia. Tangu hapo anayeniambia simu zinatosha simsikilizi: maneno ya simuni hayaachi karatasi.

Nikaomba kwa maandishi sababu ya kukataliwa, pamoja na nakala ya dai lenyewe. Usiku nikaitandaza mezani, nikaipitia kwa kidole mstari baada ya mstari, mpaka kwenye kisanduku cha ugonjwa: E11. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-10, aina ya kwanza ni E10. E11 ni aina ya pili, na wengi wenye aina hiyo wanatumia vidonge, hawahitaji kupima mara nyingi kama mimi. Kumbe ndiyo maana nilionekana natumia vipande kupita kiasi! Miezi miwili nimejinyima vipimo, nalala na hofu ya sukari kushuka usiku, kwa sababu ya tarakimu moja.

"Daktari, namba hii si yangu," nikamwambia daktari anayenitibu, kidole juu ya karatasi. Alirekebisha palepale. Ila sikuridhika na marekebisho peke yake. Nilimwomba barua ya kueleza kwa nini napima mara nyingi, na majibu ya kipimo cha C-peptidi, ambacho huonyesha kongosho linatoa insulini kiasi gani. Mimi nikaambatanisha daftari langu la siku 30, kila sukari iliyoshuka chini ya 3.9 mmol/L nimeizungushia wino mwekundu. Kurasa zilijaa miduara. Muda wa rufaa ulikuwa umeandikwa nyuma ya barua yao kwa maandishi madogo, nami nikawahi zikiwa zimebaki siku nne. Nakala yangu niliigongesha muhuri wa kupokelewa.

Walikubali, na pesa za vipande nilivyojinunulia wakanirudishia. Kibali ni cha miezi 12. Barua ya kuomba kingine nimeshaiandika, imekosa tarehe tu.